Siku ya Tatu ya Mabomu

Mdogo wangu Laurette aliniponyoka mkononi siku ya tatu ya mabomu, pale majeshi mawili ya wageni yalipopigana ndani ya Kisangani. Alikuwa bado mtoto. Nilimtafuta mpaka Isangi, kila pirogi ya mtoni iliyotia nanga niliichungulia. Hayumo.

Baada ya muda, ofisi ya kutafuta watoto ilifunguliwa nyuma ya paruasi, kanisa letu, na ordinatere yake moja, yaani kompyuta. Aliyepoteza mtoto alijaza karatasi. Aliyeokota mtoto, hata huko Opala, alijaza ya kwake. Ordinatere ilitazama siku ya kupotea kwanza. Siku zikifanana, ndipo ililinganisha mengine.

Kila Ijumaa nilikwenda, na kila Ijumaa karani, Papa Octave, alitikisa kichwa. Ijumaa moja aligeuza kioo cha ordinatere nikione.

"Wivine, mwana wangu, masini inasema mudogo yako alipotea mwaka 1900. Huyu haiko mudogo tena, iko koko ya koko yako, bibi ya bibi!"

Benchi zima la waliokuwa wakingoja lilicheka. Mama Kaswera, muuza sabuni, alicheka kuliko wote, halafu akauliza: "Na wangu?"

Papa Octave akabonyeza. "Wako pia, mama. Le premier janvier 1900, mwaka ule ule."

Kicheko kikakatika.

Néhémie, kijana aliyeitengeneza programu ile, akatoka chumba cha nyuma. Alisoma, akashika kichwa.

"Kosa iko yangu," alisema. "Masini inageuza maneno kuwa tarehe. Niliifundisha kusoma siku, mwezi na mwaka tu. Ikikuta maneno haijui, inaweka ile 1900, na karatasi ya 1900 hailinganishi na ingine yoyote. Yaya Wivine, dada yangu, wewe uliandika nini?"

"Siku ya tatu ya mabomu."

"Munahesabu kutoka wapi?"

Benchi lote likajibu kwa pamoja: "Lundi!" Jumatatu ya bomu la kwanza.

"Lundi ile ilikuwa tarehe tano, mwezi wa sita. Donc ya tatu ni tarehe saba." Akaanza kuandika.

"Wengine wanahesabu na Pentekoste," alisema Mama Kaswera. "Ilikuwa dimanche, Jumapili ya kufuata."

"Asante, mama. Na hiyo naweka."

Papa Octave alinung'unika kwamba petroli ya jenereta inakwisha. Néhémie aliendelea kuandika. Mimi nilikaa. Kungoja nilikuwa nimekuzoea.

Kisha kioo kikabadilika, na Papa Octave akasoma polepole: "Opala. Mutoto mwanamuke. Alipotea siku ine mbele ya Pentekoste. Masini inasema tarehe saba, sawa na yako. Jina anajiita Lolo."

Lolo ni jina tulilomwita nyumbani tu. Nilimshika Mama Kaswera mkono.

Lolo alirudi juu ya baiskeli ya muuza mafuta ya mawese, mrefu, miguu imejaa vumbi. Aliniangalia kidogo, akasema, "Yaya, uliniacha mukono," nikalia, naye akalia.

Tulimpelekea Néhémie liboke ya samaki, bado ya moto kwenye majani. Akafungua karatasi yetu kwenye kioo ili aandike kwamba mtoto amepatikana.

"Amefika lini?"

"Siku ile mvua ilibomoa vibanda vya soko," nilisema, halafu nikaona haya. "Pardon. Ngoja nitafute tarehe."

"Hapana, yaya. Sema vile unasema. Kutafuta tarehe ni kazi yetu."

Aliandika maneno yangu yote, mvua, vibanda na soko. Lolo alisimama kando yake, akichungulia kioo, mkono wake ndani ya wangu. Namwombea Néhémie mpaka leo. Mtoto wa Mama Kaswera naye alionekana, huko Yahuma.