Mholanzi wa Jumamosi

Mzee Wim alimshuku kila mtu, na Ghati, mlezi wake, ndiye aliyekuwa mbele kwenye foleni. Akihamisha kikombe, kwa nini amekihamisha. Akiongea Kikuria kwenye simu, anamsema nani. Mholanzi huyu alifundisha Mwanza miaka mingi kabla ya kuhamia Takoma Park, Marekani, Kiswahili hakimpigi chenga, na ndiyo maana bintiye Anna alimtafutia mlezi wa kutoka Tarime. Masikini Anna, alidhani lugha moja italeta amani.

Lakini shaka yake kubwa ilikuwa juu ya redio. Kila Jumamosi asubuhi Ethan, mtangazaji wa muziki wa klasiki, alipiga vipande vilivyoombwa na wasikilizaji, na kila wiki mzee alimtuma Ghati apige simu kuomba kipande cha Terpsma, aliyekuwa mwalimu wake wa fidla kule Uholanzi. Terpsma hakupigwa hata siku moja. Walipigwa Wajerumani, Waaustria, Warusi, halafu Wajerumani tena.

"Sisi Waholanzi tumeruhusiwa jibini na wachoraji," mzee alisema. "Muziki, hapana. Kuna mtu anazuia." Kisha akamkazia macho. "Hivi wewe simu unapiga kweli?"

Alipiga. Siku moja Ethan mwenyewe alipokea, akamweleza kwa upole kwamba wao wanapiga kile watu wanachoomba. Na watu wanaomba nini? Kile walichozoea kusikia. Ghati akaona hapa hakuna njama, kuna uvivu, na afadhali njama, maana uvivu hauna wa kumkamata.

Basi akafanya ujinga. Alikitafuta kile kipande mtandaoni, akakirusha kutoka kwenye simu yake hadi kwenye redio ya mzee, ile mpya aliyonunuliwa na Anna. Ulipoanza ule mwanzo wa fidla moja peke yake, mzee alifumba macho. Kabla kipande hakijafika katikati, likaingia tangazo la sabuni ya kufulia. Kituo kile cha redio hakina matangazo ya biashara, na hilo mzee alilijua vizuri sana.

"Mwongo," alisema, bila kupaza sauti. "Mwisho wa mwezi nitamwambia Anna atafute mwingine."

Kufukuzwa Ghati angekuvumilia. Wazee wa kulelewa huku hawakosekani. Lile neno ndilo lililomuuma. Aliapa kwamba nyumba ile hatatoka akiwa mwongo.

Akafanya kama inavyofanywa kukiwa na msiba au harusi. Aliingia kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania akaandika: "Jamani, naombeni mpige simu redioni mwombe Terpsma. Msiniulize ni nani." Walimtania kwamba amepata mchumba wa Kizungu, lakini wakapiga.

Jumamosi ikafika. Ethan alisikika ana furaha isiyo ya kawaida. "Sijui kumetokea nini wiki hii," alisema. "Kipande hiki kimeombwa na Eliudi wa Springfield, Khalfan wa Columbia Heights, Cosmas wa..."

Mzee akageuka taratibu. "Khalfan anaomba Terpsma?"

"Mzee, sikiliza kwanza."

"Safari hii umeniletea hadi mtangazaji wa bandia. Na majina ya ndugu zako." Akainama kwenye kiti chake, akachomoa waya ukutani.

Ghati alipandwa na hasira hadi masikio yakamwaka. Alitoka bila kuaga, akafungua milango yote minne ya Corolla yake, akawasha redio hadi mwisho. Gari lile lilikuwa kuukuu, la enzi za kaseti, halijui simu ni kitu gani. Mzee mwenyewe aliwahi kulicheka kwa hilo.

Alimwona anachungulia dirishani. Ilichukua muda mzee kuinuka, kukamata chuma chake cha kutembelea, kuufikia mlango, kuteremka kibarazani. Alipofika penye gari, fidla zote zilikuwa zinamalizia pamoja. Kukawa kimya, kisha Ethan akalitaja jina: Terpsma, Mholanzi.

"Ni kweli," mzee alisema.

"Ni kweli."

Ghati alisubiri furaha, na kusema kweli alisubiri pia kuombwa radhi. Uso wa mzee ukazidi kuporomoka.

"Ule mwanzo aliniandikia mimi, nikiwa kijana," alisema. "Kuusikia peke yangu naweza, hata kwenye simu yako. Nilitaka nisikie huku najua na watu wengine wanasikia." Akautazama mkono wake uliochomoa waya. "Wameusikia wote. Mimi sikuusikia."

Hasira ya Ghati ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kwenda.

"Watarudia?" mzee akauliza.

Jibu la kumpoza lilikuwa tayari mdomoni, na safari hii pengine angelipokea.

"Sijui, mzee," alisema Ghati.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hilo alimwamini.