Kamba za Mkonge

Niliazima viti ishirini kanisani, nikavipanga kwenye kile kiwanja kidogo karibu na reli, nikaketi kungoja maoni ya wakazi kuhusu bustani niliyotumwa kuichora hapo. Saa kumi ikafika. Saa kumi na moja ikapita. Aliyetokea ni Bi Mwanamvita peke yake, na hata yeye hakuja kikaoni. Alikuja kuketi kwenye benchi lake bovu, kama kila siku.

"Hawaji, mwanangu," alisema.

"Lakini tangazo nililibandika kila duka, Bi."

"Wamelisoma. Uliandika kila mtu atatia sahihi. Hapo ndipo ulipowafukuza. Mwaka juzi walikuja watu na karatasi zao, wakazi wakatia sahihi wakiambiwa ni ya kuletewa maji. Sahihi zile zile zikaja kuonyeshwa eti wamekubali vibanda vyao vibomolewe. Sasa nani atashika kalamu yako?"

Nilirudisha viti vitatu vitatu, peke yangu. Bwana Donald, afisa aliyenipa kazi ile, alikuwa ameniambia wazi: bila maoni ya wakazi yenye sahihi kufikia Ijumaa, kiwanja kitakuwa maegesho ya malori. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu. Nilikuwa nimehama Mraru, nikapanga chumba Voi, na kwa miezi miwili hakuna aliyeniita Tryphena ila mama yangu kwenye simu.

Jumapili nilichukua vigingi na kamba za mkonge, nikachora bustani yangu ardhini ili wapitao waione: njia hapa, mabembea pale, benchi jipya kando ya barabara. Jumatatu asubuhi nikakuta kamba ya njia imehamishwa. Nikairudisha. Jumanne imehamishwa tena, na vigingi vya mabembea vimesogezwa mbali na barabara.

"Watoto hawa wataniua," nililalamika.

Bi Mwanamvita alicheka mpaka akashika ubavu. "Watoto ndio wamefunga fundo hili?"

Nikainama kulitazama. Lilikuwa fundo la kufungia mzigo kwenye mkokoteni, limekazwa na mkono wa mtu mzima. Nikaifuata kamba kwa macho. Ilipita palepale nyasi zilipokwisha kwa kukanyagwa, kutoka relini hadi upande wa soko. Wenyewe walikuwa wakiniambia wanapita wapi.

Jioni ile niliacha vigingi vya ziada na bunda la kamba juu ya benchi. Kila asubuhi nilikuta jibu, nikalipiga picha, nikalichora kwenye ramani. Sikumkuta mtu hata mara moja. Nilikula chapati yangu nimeketi chini, nikitazama mafundo ya watu nisiowajua, nikitamani mmoja angebaki tu anisalimie.

Ijumaa Bwana Donald alikuja, akageuza ramani juu chini. "Kazi nzuri. Sahihi ziko wapi?"

"Hakuna. Lakini hizi kamba ni zao."

"Madam, nitapelekaje kamba ofisini?"

Kabla sijajibu, mama mmoja alipita na kreti la nyanya kichwani. Alifuata kamba, akasimama, akatua mzigo wake. Aling'oa kigingi kimoja, akakichomeka hatua moja kando.

"Mkokoteni haupiti hapo," alituambia, kama anayewakanya watoto.

"Jina lako nani, mama?" Bwana Donald alitoa kalamu.

"La nini?" Akajitwika nyanya zake, akaenda.

Bwana Donald alibaki akitazama kigingi. Kisha akaandika chini ya ramani yangu kwamba amefika, ameona wakazi wakipanga bustani kwa mikono yao, akatia sahihi yake mwenyewe. "Malori yatafute pengine," alisema.

Alipoondoka nilikwenda kumpa Bi Mwanamvita habari. Kigingi cha benchi, kile nilichokuwa nimekiweka kando ya barabara, kilikuwa kimehamishiwa miguuni pake, alipozoea kuketi na marehemu mumewe. Hilo nililitarajia. Sikutarajia vigingi vinne vipya mbele yake, vimezungushiwa kamba, upana wa benchi la pili.

"Hivi ni vya nani, Bi?"

"Mimi nitajuaje? Si wanakuona kila siku unakula chini." Alisogea kwenye benchi lake bovu, akapapasa mbao. "Halijajengwa bado. Keti hapa kwanza. Hivi unaitwa nani, mwanangu?"