Taja Kilicho Mbele

Mimi ni dereva wa basi la shule, mwaka wa tisa huu, na sijawahi kumkwaruza mtoto hata mmoja. Nalisema hili mapema kwa sababu nikifika mwisho mtanisema. Nisemeni, sikatai. Ila kwanza mnisikilize.

Basi langu lina viti ishirini na sita, na honi inayolia kama mtu mwenye mafua. Kiti cha mbele kabisa, karibu na mimi, ni cha binti yangu. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita hapohapo shuleni. Jina lake lipo, lakini mimi namwita Kurunzi, na sasa shule nzima imelishika. Nilimpa jina hilo mwaka jana, masomo ya ziada yalipoanza na tukawa tunatoka jua likizama. Nilimwambia, "Njoo tucheze. Taja kilicho mbele, kila kitu, kabla mimi sijakifikia."

Akaupenda mchezo. "Baiskeli, mama! Mkokoteni! Mtu anavuka!" Mimi nafunga breki, wenzake huko nyuma wanapiga kelele kwa raha, tunafika. Watu wakasema, jamani, mama na mwana wanavyopendana.

Haukuwa mchezo. Jua likizama mimi sioni.

Mchana naona vizuri tu. Kila mwaka shule inanipima macho, saa nne asubuhi, chumba kina taa, naambiwa nisome herufi ukutani. Nazisoma zote, mpaka jina la kiwanda lililopigwa chapa chini ya karatasi. Mpimaji ananisifu. Lakini giza likiingia, dunia yangu inabaki tundu dogo katikati, na ndani ya tundu hilo mna taa za magari tu.

Najua ni kitu gani, kwa maana nilikiona kwa baba yangu. Alikuwa fundi cherehani. Alianza kwa kupiga vikumbo vikombe vilivyokuwa pembeni ya mkono wake. Halafu jioni akawa anapapasa ukuta kwenda chooni. Ukimuuliza, "Macho yamechoka tu." Siku moja alishona mkono wa shati kwenye shingo, tukacheka mpaka tukakaa chini, Mungu atusamehe. Alipofika miaka hamsini na tano hakuliona hata jua. Mimi kikombe changu cha kwanza nilikipiga nikiwa na miaka thelathini na nane. Nilipangusa sakafu, nikanyamaza.

Shangazi yangu alikuwa akisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa, shangazi. Lakini dereva akiyataja maradhi ya macho, kazi itamuumbua kabla kifo hakijavaa viatu. Baba yake Kurunzi alikwishaondoka zamani, hatukujua alikoelekea. Nyumba yetu inakula kwa usukani.

Basi akatokea mwalimu wa sayansi. Kijana mrefu, mpole, hajui kuendesha hata baiskeli, lakini ana darubini yake mwenyewe. Akaandika barua kwa wazazi: darasa la sita watapanda juu ya paa la shule kujifunza nyota, na basi litawarudisha nyumbani saa mbili na nusu usiku. Tena amechagua usiku usio na mwezi, ili giza liwe giza kwelikweli. Mtu na elimu yake anachagua giza!

Nikaenda kwa bwana wa usafiri. Nikamwambia apange dereva mwingine.

"Mwenzako yuko likizo," akasema bila kuinua kichwa. "Kama umechoka sema. Wanaoitaka kazi hiyo wamejaa getini."

Nikasema sijachoka.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilikuwa naota barabara. Maana lilikuwapo jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Wiki tatu nyuma, kwenye mtaa wa maghala, kitu kiligonga kioo cha pembeni, pu! Kioo kikajikunja. Nyuma yetu nikasikia kama sauti, fupi, halafu kimya. Nikaguta kwa mshtuko. Kurunzi akasema haraka, "Tawi tu, mama." Nikaendelea na safari. Asubuhi nilipita palepale, mchana kweupe. Hapakuwa na mti. Nikajiambia labda wameukata.

Usiku wenyewe ulifika. Watoto walikuwa kumi na wanne. Mwalimu akazima taa zote za jengo, akafunga kitambaa chekundu kwenye tochi yake, akasema kila mtu aache simu chini. "Na wewe mama dereva, panda. Utakaa kwenye basi peke yako ufanye nini?"

Nikapanda. Kurunzi alikuja nami, mkono mmoja kanishika mimi, mwingine ukutani. Nikamshukuru moyoni kwa kunisaidia.

Juu ya paa palikuwa na ukuta mfupi, unafika kiunoni. Niliushika nikausimamia kama askari. Mwalimu akasema tungoje dakika ishirini, macho yalizoee giza. "Mwanzoni hamtaona kitu. Kidogokidogo zitatokea, moja moja, halafu zitawajia nyingi mpaka mshangae."

Tukangoja. Na kweli, nikaanza kuwasikia watoto. "Ile!" "Na ile!" "Mwalimu, zimejaa!" Kumi na watatu wanashangaa angani, na mimi nimekodoa macho mpaka yanatoka machozi, juu yangu pako kama ndani ya chungu. Kimoja tu nilikiona, chenye mwanga mkali, kimetulia. Nikauliza ile ni nyota gani, angalau nionekane nami nimo.

"Umepatia jicho, mama dereva," mwalimu akasema. "Hiyo wala si nyota. Nyota inametameta, hiyo imetulia. Ni sayari, Mshtarii. Inamulikwa na jua tu, kama sisi."

Watoto wakanipigia makofi. Nikacheka. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na upepo ulikuwa wa baridi.

Halafu akawaonyesha Kilimia. Kile kikundi cha nyota ambacho wakulima wa zamani walikitazamia kujua wakati wa kulima. Darasani walikwishasoma kwamba ni nyota saba, ingawa mwenye macho makali anaweza kuona zaidi, na wengine hupata sita tu. Mwanga wake, alisema, uliondoka huko kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, ndio kwanza unafika leo.

"Sasa nawapa siri ya watazama nyota," akasema. "Ukitaka kuona nyota hafifu, usiikodolee. Tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho ni pa mchana. Pembeni ya jicho ndipo panapoona gizani."

"Eee!" watoto wakaitikia. "Kweli, mwalimu! Zimeongezeka!"

Pembeni. Vikombe vya baba vyote vilikuwa pembeni. Miaka yote ile hakuna aliyetueleza, na leo naelezwa juu ya paa, kwa furaha, na mtu asiyejua anamwambia nani. Mimi pembeni sina. Nilitaka kukaa chini nilie.

Mwalimu akapita kwenye mstari akiuliza kila mmoja anahesabu ngapi. "Sita." "Saba." "Sita." Mmoja mwenye miwani akasema tisa, wakamzomea. Nilimsikia mwalimu anasogea kuja upande wetu. Mimi nilikwishatayarisha jibu, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: saba. Sisi tulikuwa wa mwisho. Akamfikia Kurunzi kwanza.

"Na wewe?"

"Saba," akasema Kurunzi.

Kicheko kililipuka. "Mwalimu, wingu limeshafunika! Kurunzi anaona nyota ndani ya wingu!"

Na yeye akacheka. Akacheka upesi, kwa sauti ya juu, kidogo kupita kiasi. Kicheko hicho nakijua. Ni changu.

Saba yangu ilinikauka mdomoni. Wingu nami sikuliona.

Nikamvuta karibu. Nikamnong'oneza, "Mwanangu, mwalimu amesimama wapi?"

"Pale."

"Pale wapi?"

"Si pale, mama," akasema, na nadhani alinyosha kidole. Sauti ya mwalimu ikatoka nyuma yetu kabisa: "Basi, tungoje lipite."

Nimewahi kuogopa maishani. Nimeogopa uchungu wa kuzaa, nimeogopa msiba. Lakini usiku ule niliogopa mpaka nikasikia meno yangu. Mwaka mzima nilikuwa nikijiambia kwamba haidhuru, macho yangu yamekwisha lakini yapo ya mtoto, macho mapya, makali. Niliyaegemea hayo.

Saa mbili na nusu tukashuka. Hapo ndipo mtakaponisema, kwa maana sikusema kitu. Nilishuka ngazi nikijipigia hesabu: njia naijua, kona naijua, nitakwenda polepole, nitafuata taa za gari la mbele. Watoto wakapanda wakisukumana. Mwalimu akabaki kufunga darubini yake. Nikakaa kwenye kiti, nikatia ufunguo, nikawasha. Taa zikapiga ukuta wa shule, na nje ya duara lile la mwanga hapakuwa na chochote.

Kurunzi akafunga mkanda. "Niko tayari, mama," akasema. "Nitaje?"

Nikazima gari.

"Shukeni," nikawaambia. "Wote. Shukeni."

"Kwa nini?"

"Nimesema shukeni!" Nilipiga kelele ambayo sijawahi kumpigia mtoto wa mtu. Mwalimu akaja mbio, anauliza kuna nini, tairi? Nikampa ufunguo mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kusema naumwa tumbo. Uongo ulikuwa tayari, umeshonwa na vifungo. Nikawatazama wale kumi na wanne, yaani nikageuza uso upande wa sauti zao.

"Sioni," nikasema. "Usiku sioni kabisa, na ni mwaka mzima sasa. Waite wazazi wao."

Aliwaita. Walikuja mmoja mmoja, taa zinaingia getini, mlango unafunguliwa, unafungwa. Wengine hawakunisalimu. Mama mmoja alisimama mbele yangu, akasema tu, "Mwaka mzima?" Bwana wa usafiri nilimpigia mwenyewe. Alinitukana mpaka akachoka, kisha akasema ufunguo aukute mezani asubuhi, na mimi asinikute.

Tukabaki wawili, tumekaa kwenye ngazi ya basi.

"Kurunzi," nikasema, "gizani unaona?"

Akajisogeza karibu nami. "Kwani watu wengine wanaona?"

Jamani. Nikamshika goti, nikalishikilia.

"Sasa ulikuwa unatajaje? Baiskeli, mikokoteni?"

"Baiskeli zina kengele. Mkokoteni unalia magurudumu. Vingine nilikuwa nabahatisha." Sauti yake ilianza kuyumba. "Ukifunga breki, ndio nilikuwa najua nimepatia."

"Mimi nilikuwa nafunga breki kwa sababu umetaja!"

"Nilidhani unaona, mama. Nilidhani unanipima, kama mwalimu anavyopima. Ulisema ni mchezo."

Nilisema ni mchezo, ndiyo. Kila jioni, watoto ishirini na tano nyuma yetu wakipiga makofi, na pale mbele hapakuwa na mtu anayetazama. Hapakuwa na mtu. Yeye akaanza kulia.

Nilitaka nisiulize. Nikauliza. "Na lile tawi?"

Kilio kikazidi.

"Mwanangu. Ulikiona kilichotugonga?"

"Sikuona kitu. Nilisikia umeshtuka." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nikasema tawi ili usiogope."

Kesho yake nilipanga kwenda mtaa wa maghala, mchana, kwa miguu, nigonge mlango kwa mlango niulize nani aliumia jioni ile. Na kwenda na huyu kwa daktari wa macho, nimwambie habari za baba, habari zote, bila kuacha kikombe hata kimoja. Nilikuwa nayahesabu hayo kichwani kwa sababu niliogopa kunyamaza. Juu yetu nyota, watoto walisema walipokuwa wakiondoka, zimejaa tena, wingu limepita.

Mchanga ulisikika ukikwaruzwa upande wa geti. Kurunzi akainua kichwa, na kwa mazoea akasema, "Mbele kuna mtu, mama."

"Namwona," nikajibu. Nami kwa mazoea.

Halafu nikamshika mkono. "Hapana. Simwoni. Nasikia viatu vyake tu."

Akanibana vidole, kwa nguvu.

"Hata mimi," akasema.