Kulala Mbele ya Mama Mkwe

Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa sababu neno hilo alilitamka mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mnene kiasi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na jina hilo alilipenda. Alikuwa akisema kwamba watu wengine huitwa Profesa au Mheshimiwa, lakini yeye ameitwa kwa kile anachokifanya, na hata hicho hakifanyi mwenyewe, anawafokea wengine wakifanye.

Jambo ambalo wanafunzi hawakulijua ni kwamba Breki alikuwa halali. Usingizi ulifika chumbani mwake kila usiku kama kawaida, ukamruka yeye, ukamwangukia mkewe. Mama watoto akilala alilala fofofo, usingizi wa pono, na Breki akabaki ameyakodolea macho maboriti ya dari. Aliyafahamu maboriti yale kuliko alivyowafahamu wajomba zake.

Dawa alizijaribu zote alizoambiwa, na aliambiwa nyingi, maana ukisema huna pesa watu hunyamaza, lakini ukisema huna usingizi kila mtu ni daktari. Alikunywa maziwa ya moto mpaka akanenepa. Aliloweka miguu kwenye beseni. Alinunua mto mpya, mgumu kama tofali, akaurudisha dukani, akapewa mwingine laini uliommeza kichwa. Mchana, ili asisinzie, alikunywa kahawa nzito kikombe baada ya kikombe, kisha usiku akashangaa kwa nini macho yamemtoka. "Mimi ni mtu wa ajabu," alimwambia mkewe. "Namwagia moto mafuta ya taa, halafu nauliza huu moshi unatoka wapi."

Mkewe alicheka. Wote walicheka. Breki alikuwa na kipaji cha kujicheka kabla mtu mwingine hajapata nafasi.

Sasa mwaka huo mama mkwe wake akaamua kujifunza kuendesha gari. Alikuwa mjane, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwanamke mfupi aliyezoea kuamrisha masufuria makubwa. Gari la marehemu mumewe lilikuwa limekaa uani likishika kutu. "Nimechoka kungoja watu wanipeleke," alisema. "Na mkwe ninaye, mwalimu. Kwa nini nife nimekaa kiti cha nyuma?"

Breki hakuwa na pa kutokea. Lakini mtu atamfokeaje mama mkwe? Midomo iliyozoea kulipuka "Breki!" ikalazimika kusema, "Mama, samahani, kama haitakuwa taabu, tungekanyaga breki." Kufikia mwisho wa sentensi, gari lilikuwa limeshagonga kile kilichokusudiwa kukwepwa. Walilaza pipa la taka, wakauvunja mguu wa meza ya muuza matunda, na siku moja wakamfukuza kuku mpaka ndani ya karakana ya seremala. Mama mkwe hakutikisika. "Tunajifunza," alisema, akawasha gari upya.

Mchana mmoja wa joto wakatoka kwenda barabara kuu. Ilikuwa barabara iliyonyooka, haina mzunguko wala kona ya kutisha. Breki alikaa kiti cha abiria, miguu karibu na ile breki ya pili ya mwalimu, kioo kikiwa wazi, upepo wa uvuguvugu ukimpapasa uso. "Mama," alisema, "tunakwenda moja kwa moja, mwendo huuhuu, mpaka nitakapokuambia vingine."

Hakumwambia vingine.

Alichokumbuka baadaye ni kwamba alifumba macho kidogo tu, kuyapumzisha. Alipoyafumbua, gari lilikuwa limesimama. Kijana wa kituo cha mafuta alikuwa ameinama dirishani akimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama maiti wa mwenzake.

"Yuko hai?" kijana aliuliza.

"Yuko hai," alijibu mama mkwe, mikono yote miwili bado imeushika usukani kama imeshonewa hapo. "Ni mkwe wangu. Amechoka."

Breki alitazama huku na huku. Hakuna jengo hata moja alilolitambua. Ule haukuwa mji wao. Ukosi wa shati lake ulikuwa umelowa mate, na kwa jinsi koo lilivyomkauka, alijua kwamba amekoroma, tena si kidogo. Mbele ya mama mkwe! Mtu ambaye mbele yake hata kupiga chafya alikuwa akiomba radhi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, gari na vyote.

"Mama, tumefikaje huku?"

"Si uliniambia twende moja kwa moja?" alisema mama mkwe. "Nimekwenda moja kwa moja. Nimeyapita malori mawili. Moja lilinipigia honi, nami nikalipigia. Mpaka nikaona taa ya mafuta imewaka, nikasema hapa lazima tuingie, mengine Mungu anajua."

Breki alikohoa, akatafuta heshima yake ilipoangukia. "Basi, Mama, hilo ndilo tunaloliita somo la kujitegemea."

Mama mkwe hakucheka. Ndipo Breki alipoona kwamba mikono ile ilikuwa bado haijauachia usukani, ingawa gari limesimama.

"Nilikuita," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuita mara nyingi, mwanangu. Nikaogopa kuuachia usukani nikutikise. Nilifikiri nitatuua wote wawili, na binti yangu atatuzika siku ileile." Akavuta pumzi. "Ameniambia hulali usiku. Nilidhani ni mambo ya kawaida, watu wazima hawalali. Lakini mtu asiyepata usingizi kitandani akaupata barabarani, huyo ni mgonjwa. Utakwenda hospitali, au niwaambie wanafunzi wako wote?"

Breki alikubali, akashika usukani kurudi nyumbani. Kesho yake alijiondoa barabarani, akabaki darasani akifundisha alama za barabarani kwa chaki. Halafu, akisindikizwa na mkewe, akaenda hospitali.

Daktari alimpima shinikizo la damu, akamsikiliza moyo, akachukua damu, kisha akamgeukia mke. "Akilala, huwa anakoroma sana? Pumzi inakatika?"

"Daktari," alisema mama watoto, "ili nijue hayo ingebidi kwanza alale."

Breki aliomba vidonge, vile vya kuangusha ng'ombe. Daktari akatikisa kichwa. Vidonge vya usingizi, alisema, vinasaidia kwa siku chache tu. Ukivizoea vinakuwa mzigo mwingine. Kukosa usingizi kwa muda mrefu hivi kuna matibabu yake, na mengi yake si ya kumeza. Akamwelekeza chumba cha mwisho ukumbini.

Mlangoni paliandikwa: Afya ya Akili. Breki alihisi kijasho. Nusu ya mji aliifundisha kuendesha, na nusu nyingine inataka kujifunza; akionekana pale, nani atampa usukani? Mlango wa jirani ulikuwa wa meno. Basi akakaa kwenye benchi katikati ya milango miwili, akashika shavu, akakunja uso kama mwenye jino bovu. Aliifanya kazi hiyo vizuri mno, mpaka mama mmoja akampa pole.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke mwembamba mwenye miwani. "Wa jino aingie pale," alisema, akionyesha.

"Mimi ni wa hapa," alinong'ona Breki.

"Na jino?"

"Limepona."

Mshauri yule alicheka, na Breki akaona mambo yatakuwa mepesi. Hayakuwa mepesi. Mshauri alimwambia kwamba kitanda chake kimejifunza vibaya. Mwili wake ukikiona unajua hapa ni mahali pa kuhangaika, basi unajiandaa kuhangaika. Sasa watakifundisha upya. Ataamka saa ileile kila siku, hata kama hakulala. Hatalala mchana, wala kujinyoosha kwenye kochi. Kahawa mwisho asubuhi. Saa ya ukutani itoke chumbani. Asiende kitandani mpaka usingizi umshike kweli, na akikaa macho, atoke, afanye jambo la kuchosha kwenye mwanga hafifu, arudi usingizi ukija. Na kwa kuanzia, muda wa kukaa kitandani utapunguzwa.

"Utapunguzwa?" Breki aliruka. "Mtu amekuja analia njaa, wewe unamnyang'anya sahani?"

"Namnyang'anya vitafunio," alisema mshauri, "ili chakula kikija akile."

Wiki ya kwanza aliichukia kwa moyo wote. Alikunja nguo za nyumba nzima. Alipanga soksi kwa rangi, na watoto wakaanza kumwachia viatu vya kupiga kiwi, wakidhani baba amepata kazi ya pili. Mchana alikuwa kama mzigo wa kuni uliovishwa shati. Lakini wiki iliyofuata usingizi ukaanza kumjia kwa vipande, na kipande kimoja kimoja kikawa kizito kuliko vile alivyokuwa akivipata zamani. Akaenda kwa mshauri akijisifu. Akasimulia habari za soksi, na mshauri akacheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Kisha akairudisha miwani. "Unanichekesha tangu siku ya kwanza," alisema. "Kila nikikuuliza ilianza lini, napewa kichekesho. Nimevipenda vyote. Leo naomba jibu tu."

Breki alifungua mdomo. Alitafuta kichekesho mfukoni mwake, kule alikozoea kukiokota. Hakukikuta.

"Kaka yangu," alisema.

Wakati huo ndugu hao wawili walikuwa na shule ya udereva pamoja. Kaka mtu alishika ofisi, yeye akashika barabara. Usiku mmoja kaka alikula, akaaga, akalala, hakuamka. Msibani kila mtu aliyempa mkono alisema maneno yaleyale: amelala tu kama mtoto, hakuteseka, kifo kizuri hicho. Breki aliitikia, akawatania wachimba kaburi wasije wakamwangusha kaka yake, watu wakasema kweli huyu ana moyo mkubwa.

"Tangu siku hiyo," alisema, "nikianza kuzama tu, moyo unaruka. Unanishtua: usiende. Kaka alikwenda hivihivi." Akajaribu kutabasamu. "Mtu mzima mwenye watoto, anaogopa godoro."

Akalia. Hakulia kwa uzuri wowote. Pua ilitoa sauti ya rejeta iliyopasuka, na hata katikati ya kilio alisikia aibu kwa sauti hiyo. Mshauri hakumharakisha. Baadaye akamwambia kwamba alicho nacho kina majina: wasiwasi, na sonona, ile huzuni iliyogeuka ugonjwa, iliyojificha nyuma ya vichekesho. Akili isiyotulia hukataa kulala, na asiyelala hunyong'onyea zaidi, kila kimoja kinamlisha mwenzake. Kwa hiyo watatibu vyote viwili. Daktari akamwandikia dawa ya sonona, ndogo, ya kila siku, inayochukua wiki kadhaa kufanya kazi. Na mshauri akamwuliza swali moja lililomkaa kifuani: "Je, unajua kaka yako alikufa kwa nini?"

Hakujua. Hakuwahi kuuliza.

Jumapili akaenda kwa shemeji yake, mjane wa kaka, akamkuta akianika nguo uani. Breki alichukua vibanio akamsaidia kubana mashuka, maana ni rahisi kuuliza jambo zito ukiwa nyuma ya shuka.

"Shemeji," alisema, "ule usiku. Ilikuwaje?"

Mikono ya shemeji ilisimama. "Umechelewa sana kuniuliza," alisema. "Wote mmenipa pole. Hakuna aliyeniuliza."

Akamweleza. Kaka alikuwa na maumivu ya kifua kwa miezi. Akipanda ngazi alisimama katikati, akijifanya anatafuta funguo. Mkono wa kushoto ulimfa ganzi, akasema ameulalia. "Nilimwambia twende hospitali, akasema ni gesi, akaniiga ninavyokunja uso nikimsihi. Nikacheka, shemeji. Alinichekesha, yakapita. Kila mara yalipita hivyo." Alilibana shuka kwa nguvu. "Hakuuawa na usingizi. Ulikuwa moyo wake, nao uliomba msaada mchana kweupe. Usingizi ulikutwa tu pale."

Mficha maradhi kilio humuumbua, na Breki, aliyeisema methali hiyo mara nyingi kwa wengine, alisimama uani akijisikia kama ametajwa kwa jina. Walilia wawili, wamegawanywa na shuka lililolowa. Kisha shemeji akauliza kama yeye amepimwa moyo. Alipomwambia amepimwa, uko salama, shemeji alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashusha pumzi ndefu. Kumbe naye alikuwa akimtazama Breki kila mara anapopanda ngazi.

Usingizi haukurudi kwa shangwe. Ulirudi kama paka aliyefukuzwa, ukachungulia, ukakimbia, ukaja tena. Zilipita wiki nyingi mpaka mshauri akamwongezea muda wa kitanda, na zaidi mpaka daktari akamruhusu kurudi barabarani. Dawa aliendelea nayo. Mlangoni kwa mshauri alikaa sasa bila kushika shavu, ingawa alichagua mwisho wa benchi.

Na zipo siku bado zinamshinda. Juzi hapa mama watoto aliamka akamkuta mezani, chai imeshapoa mbele yake, macho mekundu.

"Umelala?" aliuliza.

Breki alikuwa na jibu zuri tayari, lenye kuchekesha kweli, linalomhusu yeye na bundi. Alilitazama, akaliacha lipite.

"Sikulala," alisema. "Niliogopa."

Mkewe akavuta kiti, akakaa karibu naye, akammiminia chai mpya. Baada ya kitambo Breki akamsimulia habari ya bundi pia, kwa sababu ilikuwa nzuri na ingekuwa dhambi kuipoteza.