Majivu Ndani ya Kompyuta

Hapana Tobiko, radi haikuhusika. Nani kakuambia radi? Ninyi wa Soitsambu kila kilichokufa mnasema radi. Ni mimi niliyeiua kompyuta, kwa mikono yangu hii. Tena nilikaa na hiyo siri toka Pasaka ya mwaka jana, hata usingizi sikupata vizuri.

Ile kompyuta unaikumbuka? Waliyonipa pale lodge ya watalii nilipokuwa nakata majani, nzito kama debe la mahindi. Wanangu, Leonce na mdogo wake Fabian, walikuwa wanacheza humo mchezo wa kupiga mazimwi. Unaona bunduki tu mbele yako, unakimbia mahandakini. Basi Fabian alipopata kazi Dodoma akasema, "Baba, nitunzie." Mimi najua kutunza nini? Maharage. Na maharage, usipotaka yatobolewe na wadudu, unachanganya na majivu. Nikaitia kwenye gunia, nikamwagia majivu ndoo nzima, nikafunga.

Pasaka Fabian alipokuja nilikuwa nimeshaitoa na kuifuta kwa nje, inang'aa. Akawasha. Skrini giza tu. Akamgeukia kaka yake: "Umeichokonoa!" Leonce naye akajibu vibaya, unamjua. Tangu siku hiyo hawakula sahani moja. Na mimi nikanyamaza. Ndiyo, nikanyamaza, aibu.

Sasa Jumapili hii Fabian kaja, basi lake la kurudi saa tisa mchana. Mke wangu Martha kapika kuku, akasema hapakui mpaka hao wawili wakae pamoja. Na wao wakasema hawakai mpaka ijulikane nani kaua kompyuta. Wameiweka mezani, lakini hawaongei. Wanaongea kupitia kwangu!

"Baba, mwambie mwanao tunaanza na zile diski bapa za zamani zenye mchezo," Fabian anasema.

"Baba, mwambie huyo wa Dodoma diski zake zimeota ukungu. Nimeleta kadi ya memori, inakaa mahali pa diski. Ni haraka, haina kelele."

"Mwambie kadi ni kudanganya. Si tungecheza kwenye simu basi!"

"Mwambie huyo wa Dodoma asipitie ile skrini yenye picha na vidirisha. Inakula memori yote, mazimwi yatatembea kama kobe. Aende skrini nyeusi ya maandishi, aandike jina la mchezo."

Wako hatua mbili tu, wanasikiana vizuri, na mimi naenda huku narudi huku. Nakaa, nasimama. Natoka uani kuangalia kuku, narudi. Martha akaniita toka jikoni, "Wewe Josephati, una siafu kwenye suruali?"

Wakajaribu diski. Ikakwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Wakajaribu kadi. Hamna. Fabian akashika begi lake. "Mwambie kaiua kweli. Mimi naenda stendi."

Nikaona huyu akitoka hapa, harudi. Nikasema, "Ni mimi. Niliitunza kama maharage."

Hakuna aliyenielewa. Leonce akachukua bisibisi, akafungua ubavuni, majivu yakamwagika mezani.

"Baba!" Fabian akaweka begi chini. "Mwaka mzima nimemnunia ndugu yangu, na wewe unaniangalia tu?"

"Ndiyo."

"Hiyo si sawa, Baba."

"Si sawa, mwanangu."

Leonce akasema bila kuinua kichwa, "Fabi, shika tochi." Fabian akashika.

Wakapuliza kwa pampu ya baiskeli yangu, wakasugua vile vibao vya memori kwa ufutio, nyumba nzima vumbi jeupe. Diski bapa zilikuwa nne, mbili zimekufa kabisa, hapo Fabian akakubali kadi. Skrini nyeusi, akaandika jina. Mchezo ukafunguka, lakini unakwama kwama.

"Punguza picha," Leonce akasema. "Kama zamani."

Akapunguza, picha ikawa ndogo katikati ya kioo kama kiberiti, na bunduki ikaanza kukimbia. Zimwi la kwanza likamuua Fabian palepale. Leonce akacheka mpaka akakohoa majivu. "Dodoma wamekulegeza, bwana!"

"Mazimwi mtaua mkishiba," Martha akasema. "Mikono!"

Saa nane na nusu hiyo, na basi halingoji mtu, lakini Fabian hakuuliza saa. Wakanawa, maji yakawa ya kijivu. Leonce akasogea kwenye benchi, Fabian akaketi hapo hapo kando yake. Mimi Martha akanisukumia kigoda karibu na mlango, mbali na bakuli la nyama, nami nikakaa.