Maneno Elfu Tisa ya Mwalimu Eustakia

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Eustakia wa Kanazi alikusanya maneno ya Kihangaza, pamoja na maana na mifano yake, kwenye madaftari ya shule. Alipostaafu, macho yakaanza kufifia. Akamwomba Speciose, mwanafunzi wake wa zamani wa darasa la tatu ambaye sasa ni mwalimu wa kompyuta, ayaingize kwenye mashine ili yasomwe kwa sauti.

Speciose alichapa kwa miezi minane. Kisha akaandika programu ya kupitia maandishi herufi moja moja, kurekebisha pale r na l zilipochanganyika, na kuyaunganisha yawe faili moja. Maneno hamsini ya majaribio yalimalizika papo hapo. Maneno yote elfu tisa yalimshinda. Programu ilianza kwa kasi, ikapunguza mwendo, ikawa inajikokota mpaka betri ya laptop yake kuukuu ikaisha. Alijaribu mara tatu.

Jumamosi alipanda bodaboda, laptop mgongoni, kwenda kumwambia mwalimu ukweli.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kamusi imekuja?"

"Haijaja. Programu inaunganisha, inachoka njiani."

Eustakia hakukasirika. Alimsogezea kiti. "Hebu nieleze inavyofanya, polepole."

"Inachukua herufi, inaiweka mwishoni mwa maandishi yaliyokwishapatikana. Lakini haiwezi kuichomeka tu. Inanakili maandishi yote upya mahali pengine, ndipo iongeze hiyo moja."

"Yote? Tangu neno la kwanza?"

"Tangu la kwanza."

"Kwa kila herufi?"

"Kwa kila herufi," Speciose alisema. Alilijua jambo hilo. Aliwafundisha wanafunzi wake. Kumbe hakuwahi kuhesabu lingekuwa mzigo kiasi gani kwa herufi zaidi ya milioni mbili.

"Mwalimu, naomba nitumie meza yako."

Alifuta mstari mmoja, akaandika miwili. Sasa kila kipande kingewekwa kwenye orodha, kikae hapo bila kuguswa, na mwishoni kabisa vyote vingeunganishwa kwa mara moja. Akabonyeza. Kabla hajaondoa kidole, kazi ikawa imekwisha.

Akaogopa. Akafikiri imeharibika. Akafungua faili, akashuka hadi mwisho, akapanda tena. Maneno yalikuwemo yote. Alicheka, kisha akajifuta machozi kwa kiganja.

"Kuna nini?" Eustakia aliuliza.

"Yamekamilika, mwalimu."

"Nisomee."

Speciose alisoma mwenyewe, akaanzia popote: "Igisabo: kibuyu cha kusukia maziwa."

Eustakia alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu. "Ongeza: kinatunzwa na mama mwenye nyumba. Hapo nilisahau kuandika."

Speciose akaongeza. Wakaendelea na neno lililofuata, na lingine, mpaka Jovina, mjukuu wa Eustakia, alipowaletea maharage na ndizi, naye akakaa kusikiliza.