Namba Tisa

Profesa wetu alitumia miaka ishirini na miwili kuchunguza jambo moja: moyo mzima huchoma zaidi mafuta ili upate nguvu, lakini msuli wake ukiugua huyaacha na kukimbilia sukari. Alipenda michoro yake inyooke, ndiyo maana kwa siri tulimwita Rula. Mimi nilikuwa mchukua damu wake, na mdomo wangu haujui kufunga. Ulifunga mara moja tu.

Kwa utafiti wake wa mwisho alihitaji watu ishirini wazima wa kulinganisha na wagonjwa. Mmoja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa michezo, mtu wa maneno mengi.

"Dada, usiimalize," aliniambia nikimchoma. "Nibakizie ya kupandia ngazi."

Nilibandika namba tisa kwenye kichupa. Daftari la majina likafungiwa kabatini, maana sheria ilimkataza Profesa kujua namba ni ya nani hadi kazi iishe. Mimi nilijua, kwa kuwa nilichoma mwenyewe.

Majibu yalipotoka, kumi na tisa walikaa pamoja vizuri kwenye mchoro. Namba tisa akaenda kukaa katikati ya wagonjwa.

"Huyo alikula kabla ya kupimwa," Rula alisema. "Mfute."

"Tumpime tena, Profesa. Huenda anaumwa."

Akanigeukia mbele ya wanafunzi. "Mama, hapa kila mtu na kazi yake. Yako ni sindano. Kufikiri tuachie sisi."

Wakacheka. Yule niliyemfundisha kushika sindano alicheka kuliko wote.

Uso uliniwaka. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: mdogo wako. Nikayameza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nilitaka ulimwengu huo niwe mimi.

Miezi minne baadaye mdogo mtu alipita maabara, akajitupa kwenye kiti changu akihema.

"Kaka, siku hizi nikikimbia na watoto kifua kinabana, naona giza. Nipumzike kidogo?"

"Wewe?" Rula alimpiga bega. "Nilikuchagua uwe mfano wa moyo mzima! Acha uvivu."

Mdogo wake akanitazama mimi. "Eti, dada?"

Bado nilikuwa nakisikia kile kicheko.

"Profesa ndiye anayejua," nilimjibu.

Jumatano ya wiki hiyo alianguka uwanjani akafa, filimbi mdomoni. Daktari aliyempasua aliandika kwamba msuli wa moyo ulikuwa umenenepa, ugonjwa wa siku nyingi. Rula aliisoma ripoti mara mbili, akaenda kabatini, akafungua daftari. Kidole chake kilishuka hadi tisa kikakwama.

"Ulijua," alisema.

Jibu nilikuwa nimelinoa kwa miezi minne. "Kazi yangu ni sindano, Profesa."

Alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo nikidhani itakuwa tamu. Haikuwa na ladha yoyote.

Ndipo mama yao akaingia, amekuja kuuliza mwanawe alikufa na nini. Rula hakuweza kuinua uso. Mama akaliona koti langu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye dada wa sindano? Alikusifu sana nyumbani, mwanangu. Alisema yako haiumi."